Kiongozi wa Wapanda Milima

Ana mikono laini huyu kiongozi wa wapanda milima. Kila akifika kwenye chemchemi yetu huchota maji kwa kiganja, hufumba macho, kisha huwaambia wageni kwa sauti ya padri kwenye misa: "Hapa hapajaguswa na mkono wa binadamu."

Hapajaguswa! Kila Machi kengele ya kanisa hulia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, nasi huizibua chemchemi hiyo. Yeye, mzaliwa wa hapa hapa, siku hiyo huumwa mgongo. Safari hii alitufuma akiwa na wageni wake, tope limetufika magotini. Bibi Eutiquia akamnyooshea jembe: "Karibu, mwanangu, nawe uguse."

Kiongozi akafuta vidole kwa leso. "Jamani, hebu sogeeni kidogo, mnatuharibia picha."