Namba Niliyoifuta kwa Msasa

Sijawahi kuiona nyambizi. Niseme hilo mapema, maana nyumbani Tanga wanadhani naziunda. Kazi yangu ni kukereza vipuri katika karakana moja ya mji wa Irving, huku ughaibuni, na baadhi yake huishia ndani ya nyambizi za kivita zinazoendeshwa kwa nguvu ya nyuklia. Sikusomea. Nilijifunza kwa video na kwa kuharibu vyuma chakavu, ndiyo maana kila siku nafanya kazi kama mtu anayesubiri kugundulika.

Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Msimamizi aliahidi kwamba shafti ya vali niliyokuwa nikiikereza ikipita, nitaajiriwa moja kwa moja na kupewa shati lenye jina langu kifuani, kama wenzangu. Vali yenyewe ni ya kufungia maji ya bahari. Ikishindwa kule chini, hakuna pa kukimbilia. Kwa hiyo kila kipande huchongwa namba inayoeleza chuma chake kiliyeyushwa tanuru gani na mara ipi. Kimoja kikipasuka, wanawatafuta ndugu zake wote katika nyambizi nyingine kabla nao hawajapasuka.

Shafti yangu ilipita vipimo vyote. Ila karibu na ncha, pembeni mwa namba, kisu cha mashine kilikuwa kimeacha mstari mwembamba. Mchoro wa kipuri uliuruhusu. Mimi sikuuruhusu. Nikachukua msasa laini.

"Mdogo wangu, unakipamba kama bibi harusi," alinitania Mkongo wa mashine ya pili. "Kinaenda baharini, hakiendi kanisani."

Nikacheka, nikaendelea. Nilipoipangusa, iling'aa kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza, na namba haikuwepo.

Wakati wa chakula nilijifungia garini nikampigia dada yangu, muuguzi anayeishi DeSoto, mji usio mbali. Nilimwambia namba naikumbuka, kifaa cha kuchongea kiko mezani, na chuma ni kilekile; kwa nini nisiichonge upya?

"Mgonjwa wangu akivua kile kibangili cha mkononi chenye jina lake," alisema, "hata kama asubuhi nimemlisha uji, simpi dawa mpaka atambuliwe upya."

"Mgonjwa anaweza kujitaja jina."

"Haya. Na chuma chako?" Akapiga mwayo, alikuwa ametoka zamu. "Kamwambie bosi wako, halafu ule. Najua hujala."

Nilimwambia msimamizi. Hakufoka, na ningependa angefoka. Aliikata shafti vipande viwili kwa msumeno isije ikachanganyika na nzima, akasema habari ya ajira tutaiona baadaye. Kisha akanituma Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, kwa muuzaji wetu, nikachukue chuma kingine.

Wakati wa kurudi nilisimama kwenye vituo vya mafuta bila kuhitaji mafuta. Nafungua buti, naangalia namba. Ipo. Naendesha, nasimama tena. Ipo. Mwanamke aliyekuwa akijaza mafuta aliniuliza kama nimebeba mnyama.

Kabla sijakata kipande kutoka kwenye chuma kile, mkaguzi wa karakana alisimama kando yangu nikihamishia namba kwenye sehemu nitakayoikata, kama utaratibu unavyotaka. Nikakereza. Mstari ukarudi palepale, karibu na ncha. Mikono ikaanza kuniwasha. Nilimpelekea Mkongo msasa wangu, nikamwomba aufiche na asinipe hata nikimwomba.

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Msimamizi alisoma namba, akapitisha ukucha juu ya mstari, akailaza shafti kwenye sanduku lake. Halafu akaniuliza navaa shati saizi gani. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ilinibidi nivute kola yangu na kumwomba Mkongo anisomee. Sanduku lilikuwa bado wazi, na macho yangu yalikuwa kwenye ule mstari.