Mishale ya Njano ya Kwenda Butiama

Mama mkwe wangu aliwauzia chai Wazungu walewale mara tatu kabla ya saa sita mchana.

Kibanda kilekile. Kijiji kilekile cha Guta. Vikombe vilevile.

Mara ya tatu akaniita pembeni, akanong'ona: "Mkwe wangu, hawa watu wameipenda chai yangu, au wamechanganyikiwa?"

Wakuu, hawakuchanganyikiwa. Walichanganywa. Na mchanganyaji ni mimi.

Naitwa Mugeta, fundi baiskeli wa Nyasura, hapahapa Bunda mjini. Maisha yangu yalikuwaga ya amani kabisa, pancha na cheni, mpaka alipotokea Bwana Machage kutoka Musoma.

Machage ana kampuni ya utalii. Ofisi ni chumba kimoja, ila kadi zenye jina lake ni maboksi mawili. Baiskeli hajapanda tangu amalize shule. Lakini alikuwa amegundua kwamba Wazungu wanapenda kuzunguka vijijini kwa baiskeli.

"Mugeta, hawa watu hawataki lami," akaniambia. "Lami wanayo kwao. Wanataka vumbi, mawe, ng'ombe wanakatiza njia. Vyote hivyo tunavyo, na tulikuwa tunavidharauga!"

Kazi yangu ilikuwa kuchora mishale ya njano kwenye mawe na miti, toka Bunda mpaka kijiji kimoja jirani na Butiama. Sitakitaja. Wageni wafuate mishale wenyewe. Mimi nikae nyuma na pampu na tyubu, nimefunga mdomo.

"Ukiwaonyesha njia umeharibu utamu," Machage akasisitiza. "Wamekuja kujitafutia."

Nikifanya vizuri, nakuwa kiongozi mkuu wa misafara, na fulana yenye jina mgongoni. Mke wangu Anastazia akaanza kuniita Mkurugenzi. Nikawa naitika.

Nilichora siku mbili. Njia ilikuwa safi, inapita nyuma ya vilima, inakata mashamba ya pamba, inatokea Kiabakari. Hata mlevi angefika.

Kosa langu nilimsimulia mke wangu. Naye akamsimulia mama yake.

Mama Scholastika anauzaga chai na mandazi Guta. Sasa kwa asiyejua: Butiama iko kaskazini, Guta iko upande wa ziwani. Mtu anayekwenda Butiama akitokea Bunda halafu akapita Guta, huyo anakimbia polisi.

Akaja mpaka kwenye kijiwe changu, akakaa kwenye benchi.

"Nasikia wageni watapita kwa watu wote isipokuwa kwangu."

"Shikamoo mama. Sasa Guta siyo njia ya..."

"Sijasema kitu, baba. Nimesikia tu."

Kwetu mama mkwe hakataliwi. Hata kumtazama usoni unajipanga kwanza. Kesho yake nikabeba kopo la rangi mpaka Guta.

Habari ikasambaa. Akaja katekista Stanislausi. Kanisa lao lilikuwa bado halijaezekwa.

"Wageni wakiona waumini wanasali juani, Mugeta, wataguswa. Wewe wapitishe tu. Kuguswa niachie mimi."

Nikachora mshale wa kutoka Guta kwenda kanisani.

Akaja Felisian mwenye baa. Yeye hakubembeleza hata. "Ndugu yangu, mshale wa kwangu uko wapi?"

Nikachora wa kutoka kanisani kwenda baa. Mshale wa kwenda Kiabakari nikaufuta, maana ulikuwa unawapitisha mbali na baa. Nikasema nitaurudisha baadaye kidogo.

Na toka baa? Kulikuwa na mshale wa zamani pale njia panda ya baa, ule niliomchorea mama mkwe, unaelekea Guta.

Kila mshale ukiutazama peke yake, ulikuwa sawa. Tatizo ni kwamba sikuwahi kuifuata njia yote toka mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa bize kukubali.

Siku ikafika. Wageni walikuwa watatu, Waholanzi. Mama Hanneke, miaka sabini na mbili, na watoto wake wawili, watu wazima wenye mvi.

"Hamjambo nyote?" akatusalimia yule mama. Wakuu, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Miaka ya sabini aliishi kule jirani na Butiama na mumewe, mhandisi. Mumewe ndiye aliyechimba kisima cha kile kijiji. Alikuwa amefariki mwaka uliopita, na mama alitaka kwenda kukiona kile kisima. Kwa baiskeli, kama walivyokuwa wakitembea zamani.

Kijiji kilikuwa kinamsubiri saa tano asubuhi. Machage alishatangulia na gari, yuko kule na kamera.

Tukaondoka saa kumi na mbili na nusu. Baa, Felisian akasimama mlangoni na shati jeupe, akapunga mkono. Guta, chai. Kanisani, katekista akaonyesha mbingu mahali palipotakiwa kuwa na paa. Tukashuka bondeni, tukatokea... baa.

Felisian akapunga mkono tena.

"Bwana Mugeta," mama Hanneke akaniuliza, "hapa hatujapita?"

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu.

"Hapana mama. Baa za huku zinafananaga."

Akanitazama. Akakanyaga pedali.

Guta tena, chai tena. Kanisani tena, katekista akaanza hotuba ileile, alipowatambua akaigeuza kuwa sala fupi. Mzunguko wa tatu jua lilikuwa limewaka. Pale kwenye mlima wa mawe yule mama alishuka, akawa anasukuma baiskeli, shingo nyekundu kama nyanya. Mimi nyuma yake na pampu yangu. Najiambia, akifika juu nasema. Akafika juu. Sikusema.

Basi ndiyo tukafika kwa mama mkwe mara ya tatu, naye akaniuliza lile swali lake la kunong'ona.

Nikaishiwa pozi. Nikaenda kupiga magoti mbele ya mama Hanneke, aliyekuwa na kikombe chake mkononi.

"Mama, nimekudanganya. Tunazunguka. Mishale nimeichora mimi, nimewachorea watu wanaonijua. Butiama iko kule tulikotoka."

Akanywa chai. "Ninajua. Mwanangu ana ramani kwenye simu. Alitaka kusema tangu mzunguko wa kwanza, nikamkataza. Nilitaka kuona utasema saa ngapi."

Wakuu, ni heri angenipiga kofi.

"Simama," akasema. "Mume wangu alikuwa mtu mwema kama wewe. Ni ugonjwa mbaya sana."

Sikuelewa. Nikasimama.

Tukapata Canter iliyobeba dagaa inakwenda Musoma. Baiskeli juu, Waholanzi juu ya magunia, safari ya kitalii ikaendelea kwa harufu. Kiabakari wakatushusha, tukamalizia kwa kukanyaga. Tulifika saa kumi jioni. Tumechelewa saa tano nzima.

Kijiji chote kilikuwa pale, kimechoka. Kisima kilikuwa kimepakwa chokaa, kina utepe mwekundu, ndoo mpya na kamba mpya. Mzee Masatu, aliyekuwa kijana wa kubeba mawe enzi za mhandisi, alikuwa amevaa koti la suti. Ila uso wake haukuwa wa sherehe. Alikuwa anachungulia kisimani, anamtazama Machage, anachungulia tena.

Machage jasho lilikuwa linamtiririka. Akanivuta pembeni.

"Umeniua, Mugeta! Maji yalikuwepo! Saa tano yalikuwepo!"

"Maji gani?"

"Wanawake wameyabeba kichwani toka lambo tangu alfajiri, tukamimina humo! Ardhi imeyanywa yote!"

Sikupata hata nafasi ya kushangaa. Mama Hanneke alishakata utepe. Akashusha ndoo mwenyewe. Kamba ikaenda, ikaenda, tukasikia "tup!" kavu. Akavuta. Ndoo ikaja na tope la kiganja kimoja.

Watu wote wakasogea kuchungulia. Hata mbuzi walisogea.

"Ni kiangazi tu, mama," mzee Masatu akajikakamua. "Huwaga kinajaa."

"Mzee Masatu," mama akasema, "hakikujaa hata siku moja. Mume wangu alijua mahali penye maji. Lakini mwenyekiti wa wakati ule alitaka kisima kiwe mbele ya nyumba yake, na mume wangu hakuweza kumkatalia mtu. Kisha akaandika ripoti kwamba maji yanatoka. Ripoti ile niliipiga chapa mimi, kwa vidole hivi. Sikuja kushangiliwa. Nimekuja kuomba radhi."

Mzee Masatu akavua kofia. Akaivaa. Akaivua tena.

"Na sisi tulikuwa tunawaandikia barua kila Krismasi kwamba maji ni matamu," akasema polepole. "Tuliona mumeo atasikitika."

Hapo mama mmoja, Dorotea, akajitokeza mbele na kata yake ya kubebea ndoo begani.

"Ngojeni kwanza. Huyu mgeni anajua ni kikavu. Sisi tunajua ni kikavu. Sasa mimi nimebeba ndoo kumi na nne namficha nani?"

Kicheko kilichopasuka pale sijawahi kukisikia tena. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Hanneke alicheka na machozi yanamtoka, sijui ya kucheka au ya nini, Dorotea akamshika mkono.

Machage peke yake ndiye hakucheka. Jioni ileile aliniambia cheo changu kimekufa.

Mama Hanneke alikaa siku nne. Hakukaa na viongozi. Alizunguka na Dorotea na wenzake, akiwauliza kila mmoja: ungekuwa wewe, ungechimba wapi? Wote wakamwonyesha palepale, bondeni, kwenye shamba la mtu asiye na cheo chochote. Mwenyekiti wa sasa akaja na wazo la kukisogeza kisima kipya kidogo kuelekea ofisini kwake. Dorotea ndiye aliyemjibu. Alimjibu kwa neno moja.

Kisima kipya kimechimbwa palepale bondeni, maji yanatoka. Nilikwenda mwenyewe kuyanywa, maana siku hizi ripoti siziamini.

Na mimi niliendesha mpaka Guta kumwambia mama mkwe kwamba njia ya Butiama haipiti kwake. Alinuna wiki mbili. Wiki ya tatu akaniletea mandazi. Nilikuwa nimeogopa kununiwa kiasi kile, kumbe kunakwishaga.

Ninachowaachia ni hiki. Ukijikuta umeshamwitikia "ndiyo" mtu wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kila mmoja anavutia kwake, simama kwanza ugeuke uangalie. Kuna mama wa miaka sabini na mbili anasukuma baiskeli mlimani, juani, kwa sababu wewe unaona aibu kusema "hapana".