Kokwa za Mwalimu Munjiya

Munjiya alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja katika shule yetu, nje kidogo ya Kairuani, na hakuwahi kuomba vifaa. Msimu wa mishmishi watoto walikula matunda hayo ya manjano, wakanyonya kokwa mpaka zikang'aa, wakamletea mifukoni. Mimi, mwalimu wa chumba cha pili, nilikuwa nikiona kinyaa.

Mchezo wenyewe kila mtoto wa kwetu anaujua. Kokwa tatu chini, moja juu: huo mnara. Ukiuangusha, zote nne zako. Kwa mchezo huo Dalenda, binti aliyeitwa mzito wa akili hata na mama yake, aliijua hesabu.

Mwezi wa tano mkaguzi alikuja kuamua nani apelekwe darasa la wazito, ambako mtoto akiingia hatoki. Aliuinua mfuko wa kokwa kwa vidole viwili.

"Ndiyo nini hii? Mate ya watoto!"

"Hesabu hiyo, bwana," Munjiya akajibu.

Mkaguzi akamgeukia Dalenda. "Nane na nne?"

"Tatu."

Mkaguzi akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Minara mitatu, bwana!" Munjiya akasema. "Huyu keshagawanya, wenzake bado wako kwenye vidole. Muulize kokwa ngapi."

"Kwani mimi nimeuliza minara? Swali ni moja tu."

Mwalimu mkuu, aliyeusifia mchezo huohuo kila mkutano wa wazazi, akadakia: "Nimemkataza mpaka nimechoka, bwana mkaguzi." Mtu mzima na ndevu zake! Ndumilakuwili mkubwa.

Munjiya akanigeukia mimi, niliyesimama mlangoni. "Dada Wasila, juzi Dalenda si alikuhesabia viti vyako? Mwambie basi."

Alivihesabu kweli. Viti arubaini na vinne, vinne vinne, asikose hata kimoja, nikampa peremende. Lakini jalada langu la kupandishwa daraja lilikuwa kwapani mwa mkaguzi.

"Sikumbuki vizuri, dada," nikasema.

Kabla ya kengele Dalenda alikuwa amekwisha kuhamishwa, na begi lake.

Julai barua yangu ikaja. Walimu wakapanga mstari kunipongeza, mwalimu mkuu mbele kabisa, meno nje. Munjiya naye alinipa mkono, akaniambia hongera, kisha akaenda bombani kunawa.