Rinda la Viraka la Dada Mwanaisha

Enzi zetu nguo haikuchaguliwa, ilipatikana. Sisi tuliokulia Mji wa Kale wakati wa vita vya dunia twaikumbuka miaka ile vitambaa vilipoadimika, hata mwenye duka wa barabara ya Ndia Kuu akawa akiuza leso moja kwa nyumba nzima, na rangi achague yeye. Tukikimbizana uchochoroni, ukishikwa nguo ikararuka, mama hakuuliza kama umeumia.

Mwaka mmoja binamu yetu akaolewa. Dada yangu Mwanaisha alikuwa na miaka kumi na sita, na rinda lake la pekee lilikuwa limembana hadi hawezi kuinua mkono.

"Utabaki nyumbani," mama akamwambia. "Arusi haina haya, sisi tunayo."

Kwa siku tisa Mwanaisha alikusanya leso kuukuu, ncha za vikoi na vipande vilivyoanguka chini ya cherehani ya ami yetu, aliyekuwa fundi wa kanzu. Akashona rinda pana, tabaka juu ya tabaka, hakuna rangi iliyofanana na jirani yake. Shingoni akatunga shanga.

Mama alilitazama juu hadi chini. "Watu watasema tumefilisika."

"Tumefilisika sote, mama. Mimi nimeshona tu."

Tukaenda. Mama alitangulia hatua kumi, kama mtu asiyetujua. Mimi nilimshika dada mkono.

Ndani ya nyumba ya arusi, wanawake wote wakatutazama. Bi Zuwena, shangazi wa bwana arusi, ambaye ulimi wake ulikuwa umeshavunja posa mbili, akamwita Mwanaisha mbele yake.

"Geuka."

Akageuka. Bi Zuwena akashika upindo, akauchungulia mshono kwa ndani.

"Nishonee binti yangu kama hili, kabla ya Maulidi."

Mama akasogea, akaketi karibu nasi. Hapo akatujua.

Kufika Maulidi, nusu ya wasichana wa mtaa walikuwa na viraka. Jirani yetu mmoja alikata leso mpya, ambayo hajaivaa hata siku moja, ili apate kiraka kizuri. Mama alimtazama akasema, "Inna lillahi," akarudi jikoni. Vita vilipokwisha vitambaa vikarudi, na marinda yale yakawa matambara ya kupigia deki.

Miaka mingi baadaye walikuja wageni wa Kizungu wenye nywele ndefu, wamevaa viraka vilevile. Mwanaisha aliwatazama kutoka dirishani. "Hawa," akasema, "mshono umekwenda upande."

Sasa marinda yale yamerudi tena. Juzi mjukuu wangu alinijia na rinda la viraka, jipya, limechakazwa kiwandani. Akanieleza kwa upole kwamba hivi ndivyo wavaavyo watu huru. Nikamwambia sisi tulivaa kwa sababu hatukuwa na kitambaa. Akacheka, akadhani namtania.

Nikamuuliza ni nani aliyelishona. Akageuza kiuno cha rinda, akatafuta lebo, akanisomea jina la nchi.