Siku Tuliyomnadi Ng'ombe wa Minza

Mimi naitwa Esta, nauza mboga Ipogolo, kando ya barabara kuu pale malori yanapoegeshwa. Habari zote za hapa hupita gengeni kwangu kabla hazijamfikia mwenyekiti wa mtaa: nani kauza kiwanja, bomba limepasuka wapi, binti wa nani kaposwa. Sijisifu, watu wenyewe wanaleta wakichagua nyanya. Ila hii ya Minza hakuniletea mtu. Niliiona kwa macho yangu, na nataka niisimulie mimi kabla wenzangu hawajaongeza chumvi, maana wameshaanza.

Minza ni Msukuma. Wazazi wake walihama Maswa wakiswaga ng'ombe mpaka bonde la Usangu, na huko ndiko alikozaliwa, akakulia, akaolewa na Budeba. Malisho yalipobana wakanunua kiwanja hapa kwetu, juu kule kilimani ambako zamani tulikuwa tunakwenda kuokota kuni na leo kila ukigeuka unakutana na msingi wa nyumba. Budeba akapata kazi ya kupakia magogo huko Mgololo, anakuja mwisho wa mwezi. Minza akabaki na watoto na ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye nundu, aliyepewa na mama yake siku ya kuondoka. Akamwita Maswa, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kufika.

Basi wewe fikiria, watu wamejenga, wameweka vigae na mageti ya chuma, na katikati yao ng'ombe amelala anacheua. Maneno hayakukosekana. Mara nzi, mara harufu, mara kala maua ya mwalimu. Kwenye mkutano wa mtaa lilijadiliwa kwa kirefu kuliko suala la barabara. Na hao hao waliolalamika, kukipambazuka wanatuma watoto na vikopo kuchukua maziwa. Binadamu bwana! Tena maziwa hayo ya mkopo, na jina la mwenyewe hawalijui. Wanamwita Mama Ng'ombe, naye anaitika abee, anapima maziwa, anaongeza na kidogo juu.

Mwaka huu maziwa yakaanza kupungua. Maswa alikuwa amekamuliwa muda mrefu, na bila kushika mimba nyingine yangekauka kabisa. Minza aliniambia pale gengeni, huku anachambua figiri, kwamba Budeba ameshasema: ng'ombe asiposhika mwaka huu, wanarudi Usangu kwa wazee, kwa sababu mshahara wa magogo peke yake haulishi nyumba mjini. Yeye hakutaka kurudi. Watoto wameshazoea shule, na huku ukiugua hospitali iko karibu. Akampata Samwel, bwana mifugo, yule anayezunguka na pikipiki na mtungi wa mbegu za ng'ombe wa maziwa. Samwel akamwambia siku utakapomwona yuko kwenye joto nipigie, usichelewe.

Na ng'ombe naye hana kalenda. Siku aliyochagua ikawa Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno.

Alfajiri Maswa akaanza kulia na kuhangaika. Minza akapiga simu. Samwel akajibu kwamba mchana atapita kwenda Tosamaganga, ila kule kilimani pikipiki haipandi, njia yote imechimbwa mitaro ya mabomba ya maji. Amshushe ng'ombe kanisani, watakutana hapo. Angesema wakutane kesho ingekuwa hasara, kwa sababu joto la ng'ombe halisubiri Jumatatu. Likishapita unakaa wiki tatu unalingojea.

Sasa nieleze kidogo, kwa asiyetujua sisi Walutheri wa huku. Siku ya Mavuno kila mtu anatoa katika alichovuna. Mwenye mahindi analeta mahindi, mwenye maharage, viazi, maboga, kuku. Mwenye mnyama anamfunga nje, kwenye uzio wa miti upande wa kushoto wa kanisa. Ibada ikiisha, vyote vinanadiwa hapo hapo uwanjani, fedha zinaingia kazi ya Mungu. Na huo mnada ndio raha yenyewe ya sikukuu. Watu wanagombea boga kana kwamba nyumbani hawana.

Minza alifika mapema kwa sababu alipangwa nasi jikoni, kuwapikia wageni. Akaona mbuzi wawili wamefungwa pale kwenye uzio, akasema ala, kumbe pa kufungia mifugo ni hapa. Akamfunga Maswa. Kule Usangu alikotoka, watu wanatoka mbali kuja ibadani, wengine na punda, wengine na mikokoteni ya ng'ombe. Mnyama akifungwa nje ya kanisa, maana yake mwenyewe yuko ndani anasali. Kwetu huku, mnyama akifungwa kwenye uzio ule siku ya Mavuno, maana yake si wako tena. Nani angemweleza? Sisi tulidhani anajua, na yeye alidhani hakuna cha kujua.

Jiko letu liko nyuma ya kanisa. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, kwa hiyo tulijibanza na mafiga, moshi machoni, tunapika wali na kuchambua mboga. Mahubiri yote Maswa alikuwa analia huko nje. Tukasikia mchungaji anasema hata ng'ombe leo anaitika Amina, na watu wakacheka. Minza naye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Mnada ukaanza. Tukawa tunasikia tu sauti ya mzee Sifaeli, mnadishaji wetu, ambaye akinadi yai moja utafikiri ananadi basi. Mara kelele zikazidi. Vigelegele, makofi, watu wanapandishiana bei. Nikamwambia Minza leo kuna mtu katoa kitu kikubwa.

"Mungu ambariki," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Haikupita muda, Paskalina, katibu wetu wa wanawake, akaja mbio. Akamkumbatia Minza na masizi yake yote, akasema mchungaji anakuita mbele. Tukaenda wote, mimi na mwiko wangu mkononi.

Uwanjani nikamwona Rabson ameshika kamba ya Maswa. Na Rabson ni mchinjaji. Bucha lake liko karibu na genge langu, tunafahamiana vizuri mno. Ni mtu anayepima nyama na mfupa kwa moyo mmoja, na nimeshagombana naye juu ya mifupa hiyo mara nyingi. Ng'ombe akishaingia mikononi mwa Rabson, habari yake imekwisha.

Mchungaji akamshika Minza mkono, akampandisha kwenye ngazi za kanisa. Akasema huyu ni Minza, mke wa Budeba, dada yetu aliyetoka Usangu. Akasema wengi wetu tumemtolea Mungu kinachotuzidi, lakini Minza amemtolea ng'ombe wake wa pekee. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mzee Sifaeli akavua kofia. Kisha mchungaji akaomba, akambariki Minza, akabariki na sadaka yake, kanisa zima likasema Amina.

Nilimtazama Minza usoni. Alikuwa ameelewa kila kitu. Alipoteremka tu nikafungua kinywa niseme, kwa sababu mimi jambo likinikaa kooni silali, na yeye akanishika mkono, akaniminya kwa nguvu hata kucha zikaingia. Nikanyamaza. Waulize watu wa Ipogolo kama wamewahi kuona Esta amenyamaza. Nilikuwa nachemka kuliko sufuria niliyoiacha jikoni.

Rabson akaanza kumvuta ng'ombe kuelekea getini. Minza akamfuata kwa macho, mikono ameifunga ndani ya kanga. Nikawa nawaza watoto wake, nawaza vile vikopo vya asubuhi, nawaza Budeba akishuka kwenye gari mwisho wa mwezi. Roho iliniuma, sifichi.

Ndipo pikipiki ikaingia. Samwel, na mtungi wake nyuma. Akazima, akateremka, akatoa ile glavu yake ndefu inayofika begani, akauliza kwa sauti ya mtu mwenye haraka:

"Mama Ng'ombe yuko wapi? Ng'ombe wa kupandishwa ndiye huyu?"

Mzee Sifaeli akaangalia ng'ombe, akaangalia glavu, akakaa chini juu ya gunia la mahindi. Mchungaji akamwendea Minza taratibu, akamwuliza kama ng'ombe yule alimleta kuwa sadaka, au alimleta kwa shughuli nyingine.

Minza akapiga magoti kidogo, kama wanavyofanya kwao wakisema na mkubwa.

"Baba Mchungaji, nilimleta apandishwe. Lakini mmeshamwombea. Mimi siwezi kumnyang'anya Mungu."

Mabishano yakaanza. Sifaeli akasema Rabson arudishiwe fedha zake na ng'ombe arudi kwa mwenyewe. Mzee mwingine akasema kilichoombewa hakirudi nyumbani, hiyo haijawahi kutokea tangu wamisionari. Mwingine akasema kosa ni la kamati ya Mavuno. Mchungaji alikuwa anapangusa jasho kwenye baridi ile. Mimi mdomo ukafunguka wenyewe, nikawaambia ng'ombe analia tangu alfajiri, mnataka awaambie kwa lugha gani?

Rabson alikuwa bado ameshika kamba pale getini. Akarudi nayo mpaka katikati ya watu. Akasema fedha hataki kurudishiwa, mnada ni mnada, sadaka ibaki kwa Mungu kama ilivyoombewa. Watu wakaguna. Mimi nikajua mambo yameharibika.

"Nimenunua, ni wangu," akasema. "Mpelekeeni Minza."

Kama hujazoea minada ya kanisa, neno hilo halikugusi. Kwetu, mtu akinunua kitu mnadani ana ruhusa ya kumtunukia mwingine. Ananunua kuku, anasema mpelekeeni mgonjwa fulani. Ananunua mkungu wa ndizi, anasema wapelekeeni kwaya. Tunafanya hivyo kila mwaka, kwa kuku na ndizi. Kwa ng'ombe mzima hatujawahi kuona, tena kwa Rabson! Kwa hiyo ilichukua muda kidogo watu kuelewa, halafu uwanja ukalipuka. Nilipiga kigelegele mpaka sauti ikakauka, na mwiko nilioushika sijui ulidondoka wapi.

Samwel akauliza kama tumemaliza, maana joto linapita na Tosamaganga wanamngoja. Watoto wakafukuzwa, Maswa akapelekwa nyuma ya chumba cha shule ya Jumapili. Alikuwa anarusha miguu, ikabidi mchungaji mwenyewe akamate pembe akiwa na joho lake jeupe, mzee Sifaeli akashika mkia, Samwel akafanya kazi yake. Nimesali usharika huu tangu nabatizwa, mchungaji sijawahi kumpenda kama siku ile.

Minza alikwenda kwa Rabson akapiga magoti kabisa, chini kwenye vumbi. Kiswahili kilimwishia. Akasema, "Wabeja," kwa Kisukuma chao, yaani asante, akairudia na kuirudia. Rabson akaona haya, akamwinua, akasema ameacha bucha wazi, akaondoka haraka. Bucha Jumapili ile lilikuwa limefungwa kwa kufuli, mimi nililiona. Bado tunagombana juu ya mifupa, ila siku hizi nagombana naye kwa heshima.

Na mimba ilishika. Wiki tatu zimepita, tena zikapita nyingine, joto halijarudi. Samwel amempima, amethibitisha. Budeba alipokuja alikwenda kwa Rabson kumshukuru, wakakaa mpaka jioni, na habari ya kurudi Usangu sijaisikia tena. Namshukuru Mungu. Maziwa ya chai yangu nayo yako humo humo.

Lakini kuna jambo linalonirudia kila nikiketi peke yangu gengeni. Jioni ile ya Mavuno tulipandisha kilima pamoja, yeye amemshika Maswa kamba, mimi nimebeba ndoo yake. Tukaruka ile mitaro ya mabomba. Hasira zangu zilikuwa hazijaisha, nikaanza kumgombeza. Mdogo wangu, nikamwambia, wewe ni mtu wa namna gani? Ng'ombe wako wa pekee anapelekwa machinjioni, watoto wako wakose maziwa, na wewe unaniminya mkono ninyamaze? Samwel angechelewa kidogo tu ingekuwaje?

Akasema:

"Dada Esta, mchungaji alinitaja jina. Tangu nimehamia hapa hakuna aliyewahi kunitaja jina mbele ya watu, nao wakapiga makofi. Nikasema moyoni, basi, ng'ombe aende. Jina langu limebaki."

Nikachukua kamba mkononi mwake, nikamwongoza Maswa mwenyewe mpaka juu. Na kila nyumba tuliyopita, aliyetoka kututazama nilimwambia kwa sauti, sogeeni, mpisheni Minza apite.