Chungu Kikubwa cha Marita

Bibi yangu Marita alikuwa Mkisi, mfinyanzi wa kule ziwani, akaolewa huku Ndandalo kwenye migomba yetu. Enzi hizo za Mjerumani, mchungaji wa Kizungu alikuwa na nyumba ya matofali mabichi, hayajachomwa. Kila mwaka kabla ya masika Marita alileta udongo wa kwao, akauchanganya na samadi ya ng'ombe, akasiriba kuta zote kwa kiganja.

"Hiki ndicho chungu changu kikubwa," alikuwa akisema. "Ila hakikuingia motoni. Nikikiacha, mvua inakirudisha tope."

Mwaka 1916 Mwingereza akaingia, mchungaji akachukuliwa. Akaaga: nyumba itunzeni. Wazee wa kanisa wakakaa kikao. Wanaume watupu, kwa hiyo waliwaza wezi; ukuta haukuwazwa na mtu. Wakamchagua mwaminifu kuliko wote, mzee Ambilikile. Akavaa ufunguo shingoni, akaweka kigoda barazani, akakaa.

Sasa, Ambilikile alikuwa baba mkwe wa Marita.

Na kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani. Jina lake halitaji, nyumba aliyomo haisogelei. Yesu tulimpokea vizuri tu, lakini hilo hatukumuuliza.

Marita akaja na kapu la udongo kichwani, akasikia kikohozi barazani, akaingia migombani. Kesho yake, kikohozi tena. Mzee alikohoa kwa heshima, ili mkwe apate kukimbia! Ikabidi Marita amtume mumewe, Asajile.

"Baba, si uende Busale ukamsalimu shangazi?"

"Nimekabidhiwa ufunguo mbele ya kanisa. Nikiondoka wataiba."

"Wataiba nini, baba? Mna meza tu humo."

"Umejuaje kuna meza? Ulichungulia?"

Asajile akaenda kwa Hezroni, mzee wa kanisa.

"Tumwondoe baba yako tuseme kafanya nini?" Hezroni akacheka. "Wanawake wengine hawana mikono?"

Mikono walikuwa nayo. Lakini wake wote wa vijana pale walikuwa wakwe wa rika la Ambilikile, nao walimkimbia vilevile. Waliobaki ni vikongwe, hawafiki hata dirishani. Asajile akajaribu mwenyewe, maskini. Alichobandika asubuhi kilidondoka mchana, na watu wakamwita Mama Asajile mpaka akaacha.

Masika yakashuka, na ya Kyela mnayajua. Marita akawa anasimama migombani, anautazama ukuta wa ubavuni ukivimba kama tumbo la mjamzito. Siku ulipoanza kupasuka akashindwa kuvumilia. Jina hawezi kulitaja, akapiga kelele tu:

"Weee! Wewe wa hapo! Toka!"

Mzee akaitambua sauti ya mkwe wake. Akafanya kama mtu mwenye adabu anavyofanya: akajifunika shuka kichwani asimwone, akakaa kimya ampishe apite.

Ukuta ukaanguka kwa ndani, paa likaufuata. Baraza likabaki.

Asajile akaja mbio.

"Baba! Uko mzima?"

"Mzima." Mzee akafunua shuka kidogo, akashika ufunguo. "Mlango umefungwa. Hakuna aliyeingia."

"Ndaga, baba," Asajile akamshukuru.

Marita alikuwa bado migombani, kapu kichwani, udongo wa ziwani ukimchuruzika usoni na mvua.