Jiwe Ambalo Sikulipima

Nilipopunguzwa kazi serikalini, mimi mchora ramani wa miaka mingi, mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale Singida mjini alinichukua nimchoree bustani ya nyumba yake ya wageni. Alikuwa amenunua kompyuta Dar, na ndani yake programu ya kuchora bustani. Siku tatu niliikalia nikiitukana. Miti yake yote ilikuwa ya Ulaya; mgunga haukuwemo hata wa dawa.

Siku ya nne niliingiza vipimo vya kiwanja, nikabonyeza, na ardhi ikainuka mbele ya macho yangu. Nilipiga kelele peke yangu ofisini. Niliizungusha, nikaitazama kutoka juu kama mwewe. Nikabonyeza sehemu ya mvua. Mistari ya buluu ikateremka, ikakusanyika, ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane aliyekuwa akikaa upande wa chini wa kiwanja.

Nikacheka. Bibi alikuwa na nyumba yake ya udongo pale tangu sijazaliwa, na maji hayakuwahi kugusa kizingiti chake. Nikajisemea, leo mashine imeumbuka.

Nilipokagua vipimo nikaona kosa ni langu. Jiwe kubwa la katikati sikulipima. Sisi huku mawe hatuyahesabu. Yako kila mahali, unalizunguka unaendelea na kazi. Kompyuta ilinionyesha kiwanja kisicho na jiwe, na jiwe lenyewe lilikuwa linavunjwa siku hiyohiyo ili ipatikane nafasi ya magari.

Nilitoka mbio. Wavunja mawe walikuwa wamepanga kuni juu ya jiwe ili lipate moto lipasuke, na moto ndio kwanza unashika. Bibi alikuwa pembeni anatazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kuni nimewaletea mimi. Wameniahidi kokoto, na mimi niwe na sakafu."

Nilinyakua koleo nikaporomosha moto wote chini. Walidhani nimerukwa na akili. Tajiri nilimwonyesha kwenye skrini. Akasema magari yatakaa nje. Bibi, sakafu yake imekwenda, hakutaka kuona skrini ya mtu.

Mvua kubwa ya kwanza ilinikuta palepale, nikalowa chapachapa. Maji yalishuka kwa kishindo, yakagonga jiwe, yakagawanyika pande mbili, yakapita mbali na nyumba. Bibi alikuwa mlangoni pake pakavu anapepeta mtama, na bado alikuwa ameninunia.